Utepe Mweupe juu ya Jina la Chiriku

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa duka la kushona, na ukivuka barabara tu umefika kwenye ukuta wa matangazo wa ukumbi wa mji. Mwaka mzima watu wa hapo hubishania mpira na ndoa za watu. Lakini mwanzo wa vuli, joto likishafunga virago na majani ya miti ya barabarani yakianza kugeuka manjano, hawana habari nyingine ila Wiki ya Sanaa: nani anaimba, nani anacheza, nani kachora nini, na nani hajui lolote ila kapewa jukwaa. Mwaka huu, Jumamosi saa nane mchana, walikuwa wamekaa wanne na vikombe vyao vya kahawa, na hakuna aliyekuwa akicheka. Ng'ambo ya barabara, kwenye bango lenye majina ya wasanii wa siku hiyo, jina la nne lilikuwa limezibwa kwa utepe mweupe wa karatasi. Chini ya utepe ule kulikuwa na jina la Chiriku.

Chiriku alikuwa mdogo wake Sindano, fundi mwenye duka lile. Sindano alisimama mlangoni, gauni la kijani mkononi, akipiga pindo la mwisho bila kulitazama. Ndiye aliyemlea yule binti tangu ana miaka tisa. Ndiye aliyemfundisha kusoma, kwa kumsomea alama za vipimo kwenye utepe wa kupimia. Onyesho lilikuwa saa kumi. Chiriku alikuwa mazoezini tangu asubuhi, upande wa pili wa mji, na angekuja saa tisa na nusu kuvaa. Hakuwa na habari.

— Mimi nilijua, alisema Dokta, fundi redio, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna jambo asilolitibu kwa mdomo. — Wimbo ule tangu mwanzo ulikuwa na homa. Unaimbaje maktaba?

— Ana kosa gani? aliuliza Mama Birika, mwenye kahawa. — Maktaba imefungwa miaka miwili kwa ukarabati. Mtoto anauliza funguo anazo nani. Hata mimi nauliza.

— Unauliza hapa, mama. Usiende kuuliza penye kipaza sauti.

Mzee Spika alijikohoza. Miaka thelathini alitangaza magoli uwanjani, na mpaka leo akikunong'oneza wanasikia hadi wa ng'ambo. Safari hii alijitahidi kweli kushusha sauti, na juhudi ile ndiyo iliyomtisha Sindano kuliko maneno yenyewe.

— Mmemsahau mchekeshaji wa mwaka jana?

Hawakumsahau. Alishuka jukwaani watu bado wanashika mbavu, akaingia kwenye gari lenye vioo vyeusi, akarudi baada ya wiki mbili. Siku hizi anauza vitanda. Ukiingia dukani kwake anakuonyesha godoro, anakuambia litadumu miaka kumi, na hatabasamu.

— Aliambiwa nini huko? aliuliza Gundi, mbandika matangazo, kijana mpole mwenye kucha nyeupe za unga wa gundi.

— Hajasema.

— Hata mkewe?

— Mkewe ndiye aliyenunua vile vitanda vya kuanzia. Elewa mwenyewe.

Gundi hakuelewa, lakini alitikisa kichwa kama aliyeelewa. Kahawa ilipita mara ya pili.

— Sikilizeni niwaambie, alisema Dokta, akiwa amesogea mpaka ukingo wa ubao. — Mle ukumbini, safu ya tatu, kuna viti kumi na viwili ambavyo havikaliwi na watu wa kawaida. Vinakaliwa na wahesabu makofi.

— Makofi yanahesabiwaje?

— Moja moja, mama! Wimbo wa mapenzi, piga utakavyo. Wimbo wenye swali ndani yake, ukipiga makofi umejibu.

— Na asiyepiga?

— Anaandikwa kwamba amejizuia.

— Hayo ya zamani, alisema Mzee Spika. — Siku hizi ni picha. Jana kwenye maonyesho ya wachoraji, kulikuwa na mpiga picha mmoja mwenye koti la mvua, na mvua haikuwepo. Nilimfuata kwa macho saa nzima. Hakupiga picha ya mchoro hata mmoja. Hakupiga sura ya mtu. Alipiga viatu.

— Viatu?

— Viatu. Sura utafuga ndevu, utavaa kofia, utanyoa. Viatu vya kwendea kwenye sherehe una jozi ngapi wewe?

Kisha, bila mtu kuamrisha, miguu minane ikaingia chini ya benchi.

Sindano alijichoma kidole. Alikinyonya, akatazama tena ng'ambo. Alipouona utepe ule asubuhi, akifungua duka, moyo ulimlipuka. Lakini lililomkera mpaka sasa ni lile lililofuata. Baada ya ule mshtuko alishusha pumzi. Alijisikia kama mama aliyeona mtoto kapiga chafya kumbe si homa. Haimbi, basi atarudi nyumbani, atakula, atalala. Alijichukia kwa pumzi ile, na hata hivyo alikuwa akiivuta tena na tena.

Hapo ndipo akaja bibi mmoja ambaye hawakuwahi kumwona, amevaa sweta lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Aliwaamkia, akapewa nafasi na kikombe.

— Nimekuja kumsikiliza yule binti wa wimbo wa maktaba, alisema. — Mjukuu wangu aliniimbia kipande kimoja. Nilikuwa msoma vitabu mimi, pale ghorofa ya pili, karibu na dirisha. Sasa naona jina lake limezibwa. Anaumwa?

— Haumwi, bibi, alisema Dokta. — Kakatazwa.

— Kakatazwa na nani?

— Na wenyewe.

— Wenyewe nani?

— Bibi yangu, hayo hayaulizwi.

— Mimi nimeshauliza, baba. Nina miaka sabini na sita, nitarudishaje?

Mama Birika alicheka, akajiziba mdomo. Bibi akageuka kwa Gundi, maana ile ndoo ya gundi ilikuwa kati ya magoti yake.

— Ni wewe uliyebandika?

— Ni mimi, bibi. Lakini mimi ni mkono tu. Kila asubuhi ya Wiki ya Sanaa msimamizi wa ukumbi ananipigia simu. Fulani anaumwa, ziba. Fulani kakosa ndege, ziba. Leo kasema ziba la nne. Nikaziba.

— Hukumuuliza kwa nini?

— Nilimuuliza. Kaniambia hata yeye kashtukia tu. Mpiga chapa alimpigia jana, anataka kujua ile ratiba ya kugawa mlangoni aichape na jina la Chiriku au bila, maana kasikia katolewa. Msimamizi akaona, kama habari imefika mpaka kwa mpiga chapa, basi imeshapita juu yake. Akaogopa kuonekana amechelewa kutii.

— Na huyo mpiga chapa alisikia wapi?

Dokta aliangalia ndani ya kikombe chake kama kuna kitu kimezama.

— Dokta, alisema Mama Birika. — Redio ya mpiga chapa si ilikuwa kwako Jumatano?

— Ilikuwa kwangu. Na mwenyewe alikuwa kwangu, amekaa saa mbili anasubiri. Mtu huwezi kumkalisha kama gunia, lazima umwongeleshe! Nikamwambia nilichosikia. Sikuongeza chumvi.

— Dokta, wewe hata chai unaitia chumvi.

— Nimesikia kwa Mzee Spika! Muulizeni, yupo!

Mzee Spika alisimama. Akakaa. Ile sauti ya uwanjani ilimtoka yote kwa mara moja:

— Mimi sikusema katolewa! Nilisema wanamtoa!

Watu wawili waliokuwa wakivuka barabara walisimama, wakageuza njia.

— Polepole, mzee wangu, alisema bibi. — Nani alikuambia kwamba wanamtoa?

Mzee Spika aligeuza shingo taratibu, kama mtu anayeuonea aibu mkono wake mwenyewe, akatazama mlango wa duka.

— Jumanne nilikuja kuchukua suruali yangu, alisema. — Sindano alikuwa anamvalisha mdogo wake lile gauni kupima. Mtoto akatoka kwenda kunywa maji. Sindano akaniambia, "Huyu watamtoa tu, mzee. Na bora wamtoe." Nikajua kaambiwa. Dada mtu! Angesemaje hivyo kama hajaambiwa?

Macho yote yalimgeukia. Sindano alihisi masikio yanamwaka moto.

— Na wewe, mwanangu, alisema bibi. — Nani alikuambia?

Aliikumbuka Jumanne vizuri. Chiriku alikuwa juu ya kistuli, amenyoosha mikono, naye Sindano amejaza pini mdomoni. Mtoto akawa anaimba ubeti wa pili kwa raha zake, lile swali la funguo, kwa sauti inayopita dirishani mpaka barabarani. Mtu mmoja kule nje alisimama kusikiliza. Alisimama tu. Labda alikuwa anangoja mwenzake. Sindano akamfikiria mchekeshaji na magodoro yake, akazitema pini kiganjani. Hakuna aliyemwambia kitu. Wala ofisi, wala simu, wala gari. Hofu yake mwenyewe ilitoka mdomoni kama utani kwa mzee aliyefuata suruali, ikavuka barabara, ikazunguka mji siku nne, na leo imerudi imevaa nguo za serikali.

— Kumbe hakuna barua, alisema Mama Birika kwa mshangao.

— Kumbe ni sisi, alisema Gundi.

— Sema taratibu, Dokta alimkemea, ingawa hakujua tena anaogopa asikiwe na nani.

Sindano alitoa simu, akampigia msimamizi wa ukumbi, akaiweka sauti ya nje wote wasikie. Alimweleza moja kwa moja: mpiga chapa alisikia kwa fundi redio, fundi redio kwa mzee, mzee kwangu mimi, na mimi sikusikia kwa mtu.

— Nakuamini dada, alisema msimamizi. — Lakini jina limeshazibwa. Watu wameshaona. Nikimpandisha sasa, itaonekana nimempandisha mtu aliyekatazwa.

— Hajakatazwa!

— Basi niletee barua.

— Barua gani?

— Inayosema hajakatazwa.

— Ya kumkataza hukuidai kwa mtu, kaka yangu. Ulishika simu ukatii. Ya kumruhusu ndiyo unaitaka na muhuri?

— Dada, mimi nina watoto, alisema msimamizi, wala hakusema kwa ubaya. Simu ikakatika.

Hapo ndipo habari ilipofika, na siwezi kuipamba. Watu watano wazima, wenye akili zao, wanajua sasa kwamba hakuna aliyetoa amri, na hakuna kati yao aliyevuka barabara kwenda kubandua kipande cha karatasi.

— Gundi, alisema Mama Birika. — Si ukaubandue.

— Mimi nabandika, mama. Sijawahi kuambiwa bandua.

— Niwaulize basi mimi mgeni, alisema bibi. — Hiyo ofisi inayotoa barua kwa mtu ambaye hajakatazwa, iko mtaa gani? Nina miguu ya kutosha. Nitakwenda mwenyewe.

Dokta, ambaye hata ukimuuliza samaki hulala saa ngapi atakutajia, alitazama majani yanavyoburutwa na upepo kwenye mfereji. Mama Birika aliinamisha birika kuwajazia, likatoa mashapo tu.

Chiriku akatokea kwenye kona.

Alikuwa anatembea haraka, nywele zimesukwa tayari, midomo inachezacheza kama anayepitia maneno yake. Aliwapungia mkono. Kisha jicho lake likaenda ukutani, likahesabu majina kwa mazoea, moja, mbili, tatu, na miguu ikasimama.

Alivuka mpaka kwenye benchi akiwa hajaondoa macho kwenye ule utepe.

— Shikamooni. Dada, nani kanifuta?

Jibu lilikuwa tayari, na lilikuwa jepesi. Sindano aliona wote wanampa kwa macho: sema wakubwa, sema wenyewe, sema mambo ya juu. Mtoto angelia, angemkumbatia, wangerudi nyumbani pamoja kabla giza halijaingia. Angekuwa salama. Na asingemwuliza tena.

— Mimi, alisema Sindano.

— Wewe?

— Niliogopa. Nikasema kwa sauti kwamba watakutoa, watu wakadhani nimeambiwa. Hakuna mwingine. Na sasa msimamizi anataka barua.

Chiriku hakulia. Alinyoosha mkono, akachukua gauni, akaingia dukani, akafunga mlango. Alipotoka alikuwa amevaa, na pindo la upande mmoja lilikuwa bado halijaisha, uzi unaning'inia. Sindano aliinama akaukata kwa meno, kwa sababu hakujua kingine cha kufanya na mdomo wake.

— Mlangoni hawatakuruhusu, mdogo wangu.

— Mlango wa nini, dada? Watu wote watapita hapo nje.

Akavuka. Bibi wa sweta akamfuata kwa hatua zake ndogo. Benchi halikuinuka. Chiriku alisimama mbele ya bango, mgongo karibu unagusa lile jina lililozibwa, watu wakaanza kupunguza mwendo, mmoja, wawili, na mwanamume mmoja mwenye koti akatoa kitu mfukoni ambacho Sindano, kwa umbali ule, hakuweza kujua ni simu au ni nini. Aliomba mdogo wake asiimbe. Kisha akaomba aimbe. Kabla hajajua dua ipi ndiyo yake, Chiriku alikuwa ameshaanza.