Pumba Ndani ya Kompyuta ya Stefania

Kijiwe chetu kipo Ifakara, upande wa Lipangalala, kati ya mashine ya kukoboa mpunga na steshenari ya Stefania. Ni benchi moja refu la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Mwenye mashine ni Mzee Polycarp, tunamwita Tani, kwa sababu kwake kila kitu kinapimwa kwa tani, hata usingizi. Fidel anaziba pancha hapo mbele, anaitwa Injinia. Jina alijipa mwenyewe, sisi tukachoka kubisha. Evod ni Waziri, maana hana kazi inayoeleweka lakini ana msimamo kwa kila jambo. Mimi ni fundi cherehani, naitwa Sindano, na aniulizaye kwa nini simjibu. Kahawa anatumiminia Abdulkarim. Mwenyeji wa kijiwe hiki utamjua kwa alama moja: mashine ikianza kunguruma, kiganja chake kinapanda juu ya kikombe bila yeye kufikiri, kahawa isiingie pumba. Maongezi hayakatiki. Tumezoea.

Asubuhi hiyo mashine ilikuwa kimya, inasubiri mpunga. Stefania akatoka dukani kwake amekumbatia lile sanduku la kompyuta, akalitua juu ya meza ya kukatia nguo. Meza yangu. Hakuniomba, na kwa uso aliokuwa nao sikuthubutu kumkumbusha.

STEFANIA: Shikamoo, baba.

TANI: Marahaba, mwanangu. Unahama?

STEFANIA: Sihami. Imezima tena. Nawasha, feni inapiga kelele, sanduku linachemka, halafu kiza. Na Agnetha yuko kwenye basi, anatoka kijiji cha Mbingu kufuata vitabu vya nyimbo vya kwaya yao. Kesho ni jubilei.

SINDANO: Si uchape kwa yule mwenzako mwenye steshenari kule stendi? Flashi huna?

STEFANIA: Flashi ninayo, fundi. Nikimpelekea yeye achape, Agnetha atarudi kwangu tena kufuata nini? Wateja wameshaanza kusema kompyuta ya Stefa ina kifafa. Leo nikishindwa, nafunga mlango. Kwa hiyo leo naifungua mwenyewe.

Aliposema hivyo alitoa bisibisi mfukoni. Nilimwonea huruma, nisifiche. Duka lile alilianza na kompyuta hiyo hiyo moja, na mtu pekee aliyekubali kumpangisha fremu ya duka alikuwa Mzee Polycarp. Kijiwe kizima tukasogea kumsaidia, na hapo ndipo taabu ilipoanza.

INJINIA: Hilo ni vumbi. Sogea, nivute mpira wa kompresa hapa. Puu! Moja tu. Matairi ya lori yenyewe yanasalimu amri.

WAZIRI: Vumbi gani, Injinia? Hiyo ina joto. Dawa ya joto ni friji. Pale baa kwa Edna kuna friji la soda, tuilaze humo mpaka Agnetha afike.

STEFANIA: Ikitoka kwenye baridi itatoa jasho ndani. Nataka maji kwenye umeme mimi?

TANI: Lori langu likijaa vumbi tunaliosha injini kwa dizeli. Linang'aa. Na lile limeshabeba tani ngapi!

SINDANO: Mimi naona itiwe mafuta ya cherehani. Matone machache tu, kwenye hiyo feni.

Ndiyo, na mimi nilisema. Siwezi kuwacheka wenzangu nikajiacha.

WAZIRI: Mchele! Jamani, mbona tumesahau mchele? Simu yangu ilidumbukia mtoni Kilombero, nikaizika kwenye mchele. Asubuhi ikaita.

INJINIA: Nani alipiga?

WAZIRI: Ilijipigia. Sasa hapa Ifakara mtu anakosaje mchele? Tani atoe gunia moja, tuizike mpaka shingoni.

STEFANIA: Waziri, hii haikulowa. Imejaa pumba. Unataka niizike kwenye mchele ili nitoe pumba?

Waziri akanywa kahawa. Tukadhani yameisha.

WAZIRI: Basi nitakwambia ukweli. Hizo nyimbo si zina Kindamba ndani?

STEFANIA: Zipo mbili tatu.

WAZIRI: Hayo ndiyo mambo. Hiyo kompyuta imetengenezwa huko mbali, haijui Kindamba. Ikikutana na neno isilolijua inawaza, inawaza, inapandisha homa, inazimia. Hata mimi hisabati ilinifanyia hivyo.

TANI: Hapo kidogo kuna maana.

STEFANIA: Jana ilizima nikiandika barua ya Kiswahili ya kuomba kazi.

WAZIRI: Labda Kiswahili chenyewe kilikuwa cha Kipogoro!

Tulicheka, na Tani, ambaye ni Mpogoro wa Mahenge, alicheka kuliko wote. Stefania hakucheka. Alikuwa ameshalizungusha sanduku, anatafuta skrubu za ubavuni.

INJINIA: Dada, acha utani wa hawa. Kompresa ninayo, upepo ninao. Nipe dakika moja.

STEFANIA: Sawa. Kabla hujapuliza kompyuta yangu, pulizia hii.

Akamkabidhi karatasi nyeupe. Injinia akaishika kwa mbali, akaachia upepo kwa madaha. Karatasi nusura imponyoke. Alipoigeuza ilikuwa na matone ya maji, na katikati doa la mafuta lenye rangi ya kutu.

STEFANIA: Haya yametoka wapi?

INJINIA: Hilo ni jasho la mtungi.

STEFANIA: Na ulitaka kuimwagia bodi yangu. Pampu ya baiskeli unayo?

INJINIA: Ninayo, lakini pampu ya baiskeli ni ya watoto.

STEFANIA: Ilete hiyo ya watoto. Kaifute vizuri kwanza.

Kuanzia hapo nikaona kijiwe kimepata mwenyekiti. Stefania alisoma kozi ya kompyuta Morogoro, na mwalimu wao, anasema, alikuwa hampi mtu cheti mpaka amwone akifungua sanduku na kulifunga kwa mikono yake. Sisi tulikuwa tumekaa naye jirani muda wote huo, na hakuna aliyewahi kumuuliza anajua nini. Tulikuwa na haraka ya kumfundisha.

STEFANIA: Umeme nimeshachomoa ukutani. Waya zote ziko ndani ya duka, hapa ni sanduku tupu. Fundi, bonyeza hicho kitufe cha kuwashia, ukishikilie.

SINDANO: Nibonyeze cha nini na haina umeme?

STEFANIA: Unabaki kidogo ndani. Utoke.

Nikabonyeza. Nilibonyeza kwa kidole kimoja, huku mguu mmoja uko tayari kukimbia. Hakuna kilichotokea, na mguu ukarudi.

STEFANIA: Sasa tusimame hivi, upepo utoke kwetu uende barabarani. Vumbi likitoka liende zake, lisiturudie. Baba, nina ombi moja.

TANI: Sema, mwanangu.

STEFANIA: Mashine isiwashwe mpaka nimalize kufunga.

TANI: Hilo tu? Kuna wateja wa Kiberege wanakuja na mpunga, lakini watasubiri. Abdul atawapa kahawa.

STEFANIA: Nashukuru sana, baba.

Alifungua skrubu, akauvuta ubavu wa bati. Tukainama wote. Jamani. Nimeshona nguo miaka mingi na najua vumbi linavyojificha kwenye mashine, lakini ile ilikuwa kitu kingine. Pumba zilikuwa zimelala humo tabaka juu ya tabaka. Feni ilikuwa na ndevu, na vile vibati vilivyopangwa chini yake, vya kutolea joto, vilikuwa vimezibwa kabisa. Kuku wa Tani wangeshiba.

WAZIRI: Hii kompyuta inavuna!

Akanyoosha mkono kuchota. Stefania akampiga kofi la mkononi, na kofi lenyewe halikuwa la utani.

STEFANIA: Gusa bati kwanza! Hapa pasipo na rangi. Hiyo jezi yako ya nailoni si ndiyo inayotoa cheche ukiivua? Cheche hiyo ndogo, wewe huisikii, bodi inakufa nayo.

Waziri akagusa bati kwa heshima kama anayeweka kiapo. Nikamletea Stefania brashi yangu ya kusafishia cherehani. Akainusa, akanirudishia.

STEFANIA: Ina mafuta, fundi. Mafuta yananata, pumba zitakaa humo zijenge kabisa. Nina brashi mpya ya rangi, haijaguswa na kitu, kavu. Waziri, chukua hiki kijiti cha mshikaki. Kazi yako ni kushika feni isizunguke.

WAZIRI: Feni si imeumbwa izunguke?

STEFANIA: Ikisukumwa na umeme wake. Ikizungushwa na upepo wa pampu inaweza kurudisha umeme kwenye bodi, au ikavunja mhimili wake. Ishike. Usikandamize.

INJINIA: Mimi je?

STEFANIA: Simama hapo mbali kidogo. Puliza kidogo kidogo, usielekeze sehemu moja muda mrefu. Na asiwepo mtu wa kupuliza kwa mdomo, mate ni maji.

Tukaingia kazini. Stefania anapitisha brashi polepole kama anayempaka mtoto poda, Injinia anapiga pampu, Waziri ameshika kijiti, ulimi nje, hapumui. Pumba zikapaa kuelekea barabarani. Injinia, ambaye ana mikono ya kufungulia nati za lori, alikuwa anapuliza kwa adabu ambayo sijawahi kumwona nayo hata kanisani. Kila akinogewa akaongeza nguvu, Stefania anamtazama tu, naye anapunguza.

INJINIA: Hili boksi la pembeni nalo tulifungue? Naona limejaa.

STEFANIA: Hapana. Hilo ndilo la umeme. Hata likichomolewa linabaki na umeme wa kumrusha mtu. Hilo unalipulizia kwa nje, kwenye hivyo vitundu, basi.

WAZIRI: Mkono unakufa ganzi.

STEFANIA: Vumilia.

WAZIRI: Waziri wa serikali gani anashikishwa kijiti cha mshikaki?

STEFANIA: Wa serikali hii. Vumilia, karibu.

Alirudia vile vibati mara nyingi kuliko nilivyodhani vinahitaji. Mwanga ukaanza kupenya katikati yake. Akakagua kila waya kama uko mahali pake, akatazama kama hakuna skrubu iliyodondokea ndani, kisha akafunga ubavu. Akalibeba sanduku lake, akaingia nalo dukani.

Sisi tukabaki nje. Tani alikuwa anatazama mlango ule kama vile aliyepo ndani ni mgonjwa wake. Nilitamani sana iwake, na nikashangaa nilivyokuwa natamani.

Tukasikia mlio mfupi wa kuwaka. Tukasubiri ile kelele ya feni. Haikuja. Kilichokuja, baada ya muda, ni sauti ya printa: krr, krr, krr, ukurasa baada ya ukurasa, haisiti.

INJINIA: Pampu ya watoto!

WAZIRI: Na kijiti. Usisahau kijiti.

Agnetha akafika muda huo huo, mama mmoja wa makamo, mkoba begani, vumbi la safari kwenye viatu. Akatusalimu, akamwamkia Mzee Polycarp, akachungulia dirishani kwa Stefania.

STEFANIA: Karibu, dada! Zinatoka. Kaa hapo nje upumzike, nakuja kukubania kurasa.

AGNETHA: Zote? Na zile za Kindamba?

STEFANIA: Zote.

Agnetha akashusha pumzi nzito. Akasema njia nzima kuanzia Mbingu alikuwa anawaza angewaambia nini wanakwaya. Tukampisha kwenye benchi. Abdulkarim akammiminia kahawa, akamwekea na kashata. Ndipo guta la matairi matatu, limebeba mpunga wa Kiberege, likaingia uani, kijana wa mashine akamtazama Tani, Tani akaitika kwa kichwa. Stefania si alishafunga sanduku lake?

Mashine ikanguruma. Viganja vyetu vikapanda juu ya vikombe: cha Injinia, cha Waziri, changu, na cha Mzee Polycarp mwenyewe kikiwa cha kwanza. Pale juu, bomba la mashine la kutolea pumba likakohoa, likamwaga wingu la rangi ya dhahabu juu ya vichwa vyetu, likapita, likaingia moja kwa moja kwenye dirisha la steshenari.

Agnetha hakuwa mwenyeji. Kikombe chake kilikuwa wazi. Akakitazama, akaona pumba zinaelea. Akatutazama sisi na viganja vyetu. Akalitazama bomba, akalifuata kwa macho mpaka dirishani.

AGNETHA: Samahani jamani. Hilo bomba haliwezi kugeuzwa likaangalia kule nyuma, kwenye shimo la taka?

Injinia akainama kuitazama pampu yake. Waziri, mwenye msimamo kwa kila jambo, akageukia kahawa yake. Mimi nilikuwa nimelitazama bomba lile kila siku ya kazi yangu, nikafunika kahawa yangu, nikaendelea kuongea. Nilisikia aibu mpaka masikioni. Skrubu nne za kutu zinazolishika bomba zilikuwa zinaonekana kutoka pale tulipokaa.

Mzee Polycarp akakohoa.

TANI: Abdul. Nadhani kahawa imeisha, eh?

Abdulkarim akalitikisa birika taratibu, sote tukasikia.

ABDULKARIM: Haijaisha, baba. Limejaa.

Printa ilikuwa imenyamaza. Stefania alikuwa amesimama mlangoni na vitabu vya Agnetha mkononi, pumba zimeanza kumtulia kwenye nywele. Mkono wa pili bado ulikuwa umeshika bisibisi. Alikuwa anamtazama baba yake wa fremu, naye anasubiri jibu la bomba kama sisi.