Mama Bibiane Kabulo na kiwanja kilichoshika mvua (1931–1987)

Ndugu, majirani, Wakristo wa jumuiya yetu, na ninyi mliotoka Kakanda na Kolwezi kuja kumsindikiza marehemu: asanteni. Tangu juzi wengi wenu mnaulizana chinichini kiwanja cha marehemu kitakuwa cha nani. Mliona wenyewe. Alhamisi, mwili ukiwa bado haujatoka hospitali, watu wawili wa ukoo wa marehemu mume wake walipita kati ya waombolezaji wakipima kiwanja kwa kamba. Jibu la swali hilo liko mwishoni mwa karatasi hii. Halikuwekwa mwanzoni kwa sababu huwezi kulielewa kabla hujajua kilichokuwa kinapimwa.

Bibiane Kabulo, ambaye tangu mwaka 1972, majina ya Kikristo yalipokatazwa, vitabu vya serikali vilimwandika Kabulo Ngoie peke yake, lakini sisi nyumbani na kanisani hatukuacha kumwita Bibiane, alizaliwa tarehe 3 Mei 1931 katika kijiji kimoja kando ya ziwa Tshangalele. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Damas Ngoie, mchoma makaa, na Philomène Mwansa. Baba yao alikata miti ya kilima chote nyuma ya kijiji. Bibiane alipofikisha miaka kumi, kijito walichochotea maji kilikuwa kimekauka, na watoto walitembea saa nzima na mitungi. Baba hakuona uhusiano wa mambo hayo mawili. Bibiane aliuona, akaambiwa anyamaze.

Alisoma kwa masista miaka minne, kuanzia 1939 hadi 1943, akajua kusoma, kuhesabu na kushona. Kushona kulimfundisha kutazama kitambaa kizima kabla ya kuweka mkasi. Baba alisema msichana mmoja mwenye daftari anatosha katika nyumba moja. Ndiyo maana mdogo wake Gertrude, ambaye anawasomea maneno haya, alijifunza herufi akiwa na miaka thelathini na nne, kwa kijiti, juu ya udongo, na mwalimu wake alikuwa Bibiane.

Tarehe 12 Agosti 1950 alifunga ndoa kanisani hapa Likasi, siku hizo mji ukiitwa Jadotville, na Symphorien Mukalay, fundi wa mitambo kiwandani. Walizaa watoto sita. Watatu wako hai. Miaka ishirini waliishi katika nyumba ya kampuni, kambini. Mnajua maisha ya kambi: nyumba zote sawa, na mbele ya kila nyumba uwanja mwekundu usio na jani hata moja, unaofagiwa kila asubuhi mpaka mistari ya ufagio ionekane. Mwanamke mwenye jani mlangoni alihesabiwa mchafu. Bibiane alifagia kama wengine, na alifagia vizuri kuliko wengine.

Nyumba ya kampuni hurudi kwa kampuni mtu akiacha kazi. Kwa hiyo mwaka 1971 Symphorien alitafuta kiwanja chao wenyewe, njia ya Kamatanda. Kilikuwa mteremko mtupu. Wachoma makaa walikwisha kupita, wakabakiza miti mitatu ya masuku, yale matunda ya porini. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu hakuna mwenye akili aliyekitaka.

Hapo marehemu alifanya kosa, na yeye mwenyewe alitaka kosa hilo litajwe kila mahali. Alitamani uwanja safi kama wa kambi, bila tope. Akamwomba mume wake alete mikokoteni kumi na minne ya changarawe nyeusi, yale mabaki ya tanuri za kiwanda ambayo watu wa mji huu humwaga mbele ya milango yao. Ulipendeza sana. Maharagwe yaliota, yakawa ya manjano, yakafa. Mahindi yalifika magotini, yakafa. Jirani akasema kiwanja kimerogwa. Bibiane alichukua kiganja cha udongo, akakitazama, akasema, "Haikurogwa. Ni miye niliipa sumu na mukono yangu."

Mwaka 1972 mdogo wake Gertrude alifiwa na mume. Ndugu wa mume walimaliza kilio siku ya nane; siku ya tisa walibeba kitanda, cherehani, sufuria na milango miwili, wakamwambia arudi kwao. Majina yao hayatasomwa hapa. Wanayajua. Gertrude alifika kwa Bibiane na beseni moja. Bibiane hakumpa pole ndefu. Alisema, "Beseni ni muzuri. Tuko na changarawe ya kutoa." Dada hao wawili waliondoa changarawe ile kwa beseni moja, miezi kumi na sita, wakaitandaza kwenye njia ya choo, mahali ambapo hapakuhitaji kuota kitu. Anayekumbuka kwamba beseni hutuliza hasira kuliko maneno, ndiye aliyemjua Bibiane.

Baada ya hapo hakupanda haraka. Msimu mzima wa mvua alisimama nje, amejifunika nailoni, akichomeka vijiti kila mahali maji yalipopita. Watoto wa mtaa walimwita Mama Vijiti. Symphorien aliona haya, akamwita ndani: "Bibi yangu, batu banasema uko na wazimu." Akamjibu, "Waache baseme. Mvua inanionyesha njia yake bure, na weye unataka nikae mu nyumba?"

Mvua ilipokwisha, alifuata vijiti. Alichimba mifereji midogo kukata mteremko, akaweka udongo upande wa chini, na juu yake akapanda mistari ya mchaichai ili mizizi iushike. Maji ya kuoga na ya vyombo aliyaelekeza kwenye shimo lililojaa majani makavu, na kulizunguka akapanda migomba. Upande wa vumbi la barabara aliweka mipera na miparachichi. Matembele yalitandaa chini kila mahali, jua lisiuguse udongo. Ile miti mitatu ya masuku haikuguswa. Hakuna jani lililochomwa moto katika kiwanja kile tangu 1973. Mbele ya mlango alibakiza mraba wa hatua sita kwa sita wa kufagia, kwa ajili ya wageni na kwa ajili ya mama mkwe wake.

Jumamosi tarehe 8 Novemba 1975, saa ya salongo, wakati mtaa wote ulikuwa nje na majembe kufanya usafi wa lazima, wakala wa usafi wa mtaa alisimama mlangoni. Alikuwa Papa Zéphirin, ambaye leo yuko kati yetu na amekubali habari hii isomwe.

"Mama, hii ni nyumba ao ni pori?" aliuliza. "Nyoka iko ngapi humu ndani?"

"Miye naona moja tu, papa," Bibiane alimjibu. "Inavaa kofia, na iko na karatasi mu mukono."

Mtaa ulicheka. Papa Zéphirin hakucheka. Alimpa mpaka Jumamosi iliyofuata: kila kitu kikatwe na uwanja ubaki mtupu, la sivyo angeleta vijana wenye mapanga. Bibiane aliacha mzaha. Alimwambia kwa upole, "Papa, udongo ni sawa ngozi. Nani anatoa muntu ngozi juu ya usafi?" Papa Zéphirin akaandika karatasi, akaenda zake.

Wiki ile Bibiane hakula vizuri. Siku ya Jumatano mvua kubwa ya kwanza ilinyesha saa tatu mfululizo. Viwanja vyote vilivyofagiwa viliteremka barabarani, vyekundu kama damu. Kuta tano zilibomoka chini, na choo cha Papa Zéphirin kilikwenda na maji, mlango ukiwa umefungwa. Katika kiwanja cha Bibiane maji yalitembea, yakasimama nyuma ya kila mstari, yakazama. Jumamosi Papa Zéphirin alikuja bila vijana. Alizunguka kiwanja mara mbili, hakuandika kitu, akaondoka. Jumatatu alimtuma mke wake aombe mashina ya mchaichai. Bibiane alimpa magunia mawili na akaenda naye kumwonyesha pa kuyapanda.

Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi yake ambayo ninyi mnaijua. Kati ya 1975 na 1985 alipanga viwanja arobaini na kimoja hapa Likasi. Alikuja wakati wa mvua, akasimama na vijiti vyake, na hakumruhusu mtu kupanda kitu kabla hajaona maji yanakopita. Kila mahali alianza na habari ya changarawe. "Muanze na kosa yangu," alisema, "halafu mufanye yenu mupya." Kama malipo alipokea gunia la majani makavu, yale ambayo mwenye nyumba alitaka kuyachoma.

Symphorien alifariki tarehe 2 Juni 1979. Ukoo wake ulikuja kama koo zinavyokuja. Walichukua kitanda, redio na baiskeli. Kiwanja walikiacha, waliona pori kwenye mteremko, wakasema wabaki nalo wanawake. Mdogo wa Symphorien, Papa Mathieu, ambaye nyumba yake iko chini ya kiwanja hicho, alijisifu miaka yote: "Kwangu maji haiingii. Musingi yangu ilijengwa na fundi ya Wabeleji!" Bibiane alicheka tu.

Mwezi wa tatu 1986 alipooza mkono na mguu wa kuume. Daktari alimwagiza apumzike. Akasema, "Miye nikipumzika, mbuzi ya jirani haitapumzika." Aliwekewa kiti kati ya mipera, akaelekeza kazi kwa fimbo ya tete, na mkono wa kushoto ulijifunza kila kitu upya. Julie, binti yake mdogo aliyebaki naye, alipanda na kukata kwa kufuata fimbo ile mwaka mmoja na nusu. Sasa anaweza kufunga macho na kusema maji yako wapi. Mwezi wa nane mwaka huu Bibiane alimwita mkuu wa mtaa na Papa Mathieu, akasema mbele yao kwamba kiwanja ni cha Julie, na kwamba Gertrude asiondolewe humo akiwa hai. Mkuu wa mtaa alisema amesikia. Papa Mathieu alisema ataona. Étienne, mwana wa kwanza, alisema yeye ana nyumba ya kampuni kule Kakanda na hadai kitu.

Marehemu alifariki Jumatano tarehe 14 Oktoba 1987, saa tatu asubuhi, baada ya siku nne hospitalini, akiwa amepokea sakramenti. Alikuwa na miaka hamsini na sita.

Sasa jibu. Alhamisi walipima. Jana Ijumaa asubuhi Papa Mathieu alikuja na mnunuzi. Mnunuzi alisema yeye kwanza atakata kila kitu, afagie, kisha ajenge vyumba vinane vya kupangisha. Julie alilia. Mimi mdogo wake Bibiane sikulia, kwa sababu nimekwisha kuona watu wakibeba milango. Nilimshika Papa Mathieu mkono, nikampeleka hadi mfereji wa mwisho, na wazee wa ukoo wake wakatufuata.

"Papa Mathieu, mukikata hii yote, maji ya mvua itapita wapi?"

"Itashuka."

"Itashuka kwa nani?"

Alitazama chini. Chini kuna paa moja, na ni la kwake. Kisha akauliza, "Kumbe ile musingi yangu…?" Mzee mmoja wa ukoo wake akamalizia, "Musingi yako ni hii majani, Mathieu. Wabeleji baliisha kwenda zamani." Hata Julie alicheka, na machozi yakiwa bado usoni.

Mnunuzi alirudishwa. Mbele ya wazee, ya mkuu wa mtaa na ya akina mama waliokuwa jikoni, Papa Mathieu alisema kiwanja ni cha Julie, na Gertrude anabaki humo. Akaongeza, "Andika, Gertrude. Weka na jina yangu, ili kesho nisigeuke." Sitasema ilikuwa huruma. Ilikuwa akili, na kwangu inatosha. Imeandikwa, imepigwa mashine jana alasiri, na ninyi nyote mmeshika nakala.

Papa Mathieu, uko hapo kuume kwa jeneza. Umesikia jina lako.

Sasa tuitikie "nimesikia", liingie masikioni mwa watu wote hawa.

Marehemu ameacha watoto watatu: Étienne wa Kakanda, Adrienne aliyeolewa Kolwezi, na Julie wa njia ya Kamatanda; tena wajukuu saba, mdogo wake mmoja, Gertrude, shemeji zake na ukoo wote wa Mukalay, na nyumba arobaini na moja ambazo mwezi ujao, mvua ikianza, zitalala bila hofu. Julie ataanza kupanga kiwanja cha arobaini na mbili Jumatatu, kwa Mama Marceline, nyuma ya soko. Mama Marceline anaombwa asichome majani yake.

Bibiane, dada yangu, kazi yako imepata mikono. Lala, na Bwana akupe amani yake.