Esnath, Karani Aliyekataa Kumwandika Mbuzi wa Kalinga

Miaka thelathini na moja ya kazi inakoma tarehe 30 Juni mwaka huu. Anayestaafu ni mwanangu Esnath, karani wa ofisi ya Wakili Silvester. Wenzake wameniomba mimi Matilda, mama yake mzazi, niandike ukurasa huu wa ratiba ya sherehe. Mimi ni mtu wa darasa la saba, lakini hapa hakuna anayemjua kunizidi.

Alianzia ofisi ya mjini, Mlandege, binti mwembamba mwenye sketi moja ya ofisini. Mawakili walikuja wakaondoka, yeye yupo. Majalada aliyoyapanga hata kipofu angeyapata. Najivuna, ndiyo. Nani atanikataza? Nilimzaa mimi.

Kazi yake kubwa ilikuwa gharama za kesi. Watu wetu wakishinda kesi hudhani aliyeshindwa atawarudishia kila kitu, hadi usingizi waliokosa. Esnath aliwakalisha kwenye benchi akawaeleza: gharama ni kile ambacho kesi yenyewe ilikidai, kama ada ya mahakama, malipo ya wakili, nauli ya shahidi. Tena mahakama iridhike nazo. Hasira haina risiti.

Ndipo akaja Bwana Kalinga, mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga, ameshinda kesi ya mpaka wa shamba la miti. Alitaka mpinzani wake alipie suti aliyoshona ya kwendea mahakamani, mbuzi aliyewachinjia wazee siku ya hukumu, na mganga aliyemfunga mpinzani ulimi. Esnath akakataa kuviandika kwenye madai ya gharama.

“Mbuzi wangu alikufa kwa ajili ya kesi, au hakufa?” Kalinga akafoka.

“Alikufa kwa ajili ya sherehe, mzee wangu,” mwanangu akamjibu.

Ofisi nzima ilicheka. Kalinga hakucheka. Akaenda kutangaza mjini kwamba Esnath alimwomba rushwa ndipo amwandikie. Wakili Silvester hakutaka kumpoteza mteja mwenye malori, akamhamishia Esnath tawi la Rujewa, eti mpaka mambo yapoe. Karani mwingine aliviandika vyote, na mahakama ikavifuta vyote. Mambo yalipoa zamani, mwanangu hakurudishwa. Wako wanawake kanisani walioacha kunipa mkono, mimi mama wa mla rushwa.

Rujewa walimfaidi. Wafugaji na wakulima waliokuja wakitaka kushtakiana kwa ng'ombe walioingia kwenye mpunga, aliwaonyesha mapema kesi itakula nini, na wengi walitoka wamepatana. Ofisi gani ya mawakili itampandisha cheo karani wa namna hiyo? Hakupandishwa.

Nasikia mgeni rasmi leo ni Bwana Kalinga, na yeye ndiye atakayemkabidhi Esnath zawadi. Baba Kalinga, iweke mezani kwanza. Uongo uliusemea hadharani, na hapa watu wapo, kipaza sauti kipo. Sema kwamba mwanangu hakukuomba hata senti.

Wenzake wa Rujewa, asanteni, mlimtunzia mwanangu heshima alipokosa wa kumtetea. Esnath mama, tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na bustani yenye mboga. Lakini Kalinga akikuletea zawadi kabla hajasema, usinyanyuke kitini. Nitakuja nikae pembeni yako, tumtazame.