Miji Juu ya Kabati

Kwenye treni ya jioni, mjane aliyeketi mbele yangu alimwambia fundi mwashi wa pembeni yake kwamba anatoka mnadani. "Nimeuza kitabu cha ramani cha marehemu mume wangu. Cha kale, kila ukurasa picha ya mji. Alikifunga kitambaa, akakiweka juu ya kabati, mtu asikiguse."

"Hata wewe, mama?"

"Hata mimi. Leo ndiyo nimekiona kikifunguliwa. Ukumbi mzima ulisogea kutazama, mwanangu. Kwenye ukurasa mmoja kuna mwanamke anaanika nguo juu ya paa, mdogo kama punje ya mchele, na kivuli chake kipo. Kumbe nimelala chini ya miji yote ile nisijue."

"Ungesimamisha mnada."

"Nilinyoosha mkono nisimamishe. Dalali akadhani nami nanunua, akapandisha bei."

Nilicheka kimoyomoyo. Wao hawakucheka.

"Basi nikatosheka kumwona yule wa juu ya paa," mjane akasema. "Mume wangu sidhani kama aliwahi kumwona mwanamke yule."

"Alimwona, mama," fundi akasema taratibu. "Ndiyo maana alikificha."

Mjane alifungua kinywa amjibu, treni ikasimama, na abiria wakaanza kushuka.