Maisha ya Fundi Yeremia Nandonde na Msumeno Wake wa Betri

Baba Padre, wazee wetu shikamooni, ndugu wa Kitangari na ninyi mliopanda pamoja nasi kutoka Masasi tangu alfajiri: naitwa Dadi, Baba Upendo, mdogo wake marehemu. Familia imenipa kazi ya kuandika na kusoma maisha ya kaka yangu. Nimemwomba ruhusa mjane, Mama Flora, nieleze pia jambo lililokuwa kati yangu na marehemu. Wengi wenu mlilisikia nusu nusu, na sipendi azikwe na nusu hiyo.

Yeremia Nandonde alizaliwa tarehe 14 Juni 1959 hapa Kitangari, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Likwata Nandonde na marehemu Bi Anjelina. Alibatizwa akiwa na miezi minne. Enzi hizo maji yalifuatwa bondeni, na kupanda na ndoo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Akiwa na miaka kumi na moja alimtengenezea mama kifuniko cha ndoo cha mbao. Kilikaa barabara, tone halikumwagika njiani, na mama alikionyesha kwa majirani wote. Wiki iliyofuata nami nikatengeneza changu. Nilikuwa na miaka saba. Mama alikisifu, kisha akakitumia kufungia banda la kuku. Nadhani wivu wangu ulianzia hapo.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Kitangari kuanzia mwaka 1967 hadi 1973. Mwaka 1975 alipelekwa Masasi kujifunza useremala katika karakana ya misheni, akahitimu mwaka 1978. Mimi ndiye niliyepata nafasi ya sekondari, na watu walidhani kwamba bahati ya nyumba yetu imeniangukia mimi. Likizo nilikuwa nakaa na vitabu vyangu nikimtazama kaka akipiga randa, na mbao ikitoka chini ya mikono yake kama imeoshwa. Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea, na mwaka 1984 nilimfuata nikawa mwanafunzi wake.

Tarehe 20 Septemba 1986 alifunga ndoa huko Newala na Scholastika, ambaye wote tunamwita Mama Flora. Mungu aliwajalia watoto watatu. Kitanda cha harusi alikitengeneza mwenyewe, na Mama Flora anasema hakijawahi kulia hata siku moja, jambo ambalo hatukumuuliza zaidi.

Mwaka 1988 alifungua karakana yake Mkomaindo, mjini Masasi. Alitengeneza madawati, vitanda, paa za makanisa na za misikiti, na milango ambayo wengi wenu mmeifunga leo asubuhi kabla ya kuja huku. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilisimama upande wa pili wa meza yake. Yeye alisukuma mbao, mimi niliipokea. Watu walituita kwa jina moja, Mafundi wa Nandonde, na jina hilo lilinitosha.

Mwezi Agosti 2022 binti yake Flora, ambaye ni muuguzi Dodoma, alimtumia baba yake msumeno wa meza unaotumia betri. Ulifika stendi ya Masasi ndani ya boksi, na Mkomaindo nzima ilikuja kuutazama. Fundi Salmini, jirani yetu, alisema huo ni wa kukatia maandazi, kisha ndani ya mwezi mmoja akaja mara tatu kuuazima. Hakupewa. Hakuna aliyepewa. Betri zake mbili Yeremia alilala nazo chumbani, juu ya kabati, na Mama Flora alikuwa akiwaambia wageni, "Nimeletewa mke mwenza asiyejua hata kuosha sahani."

Kaka alikuwa na sababu zake. Msumeno wetu wa zamani ulikuwa wa waya wa umeme, nasi tulikuwa na mazoea yote ya mafundi wa mji huu. Kile kifuniko cha kukinga diski tulikivua siku ya kwanza tukakitundika ukutani, kwa kuwa kilituchelewesha. Umeme ulipokatika, na Masasi ulikatika sana, hatukukaa bure. Hapo ndipo tulipoingiza mikono kwenye mashine, tukatoa vumbi, tukachomoa vipande vilivyokwama, tukabadilisha diski. Mashine ya kusaga ya jirani ikinyamaza, mikono yetu ilikwenda yenyewe. Kaka aliona mapema kwamba msumeno wa betri haujui kama umeme umekatika. Nguvu zake umezibeba tumboni.

Kwa hiyo aliuwekea masharti. Uwekwe mahali pasipotikisika, kamwe si juu ya matofali yaliyopangwa. Diski ipande juu ya mbao kidogo tu, isizidi kimo cha meno yake. Kinga isivuliwe. Mbao iliyotoka kwenye nyumba ya zamani ikaguliwe misumari. Asimame mtu kwa pembeni, asisimame sawa na diski, maana mbao ikibanwa hurudi kwa nguvu kama imerushwa. Kipande chembamba kisukumwe kwa kijiti, kamwe si kwa vidole. Na kabla mkono haujakaribia diski kwa sababu yoyote, betri itoke, iwekwe mezani, ionekane kwa macho. Alisema yeyote atakayefanya hivyo wiki nzima bila kukumbushwa, atampa betri.

Zena Abdulazizi alikuwa amekuja kwetu mwaka 2019, mama wa watoto wawili, Mahmudu na mdogo wake, kwa kazi ya kupiga msasa. Alifanya hivyo wiki nzima bila kukumbushwa. Mimi nilishindwa siku ya kwanza kabla ya chai.

Mwezi Novemba 2023 kaka alimkabidhi Zena betri mbele ya mafundi wote. Wale wa jirani walipita wakinipa pole kana kwamba nimefiwa. Jioni nilimfuata nyumbani. Nilimwambia kwamba nilikuwa napasua mbao kabla Zena hajazaliwa.

Akanijibu, "Dadi, wewe unaijua mbao kuliko yeye. Lakini yeye anaogopa."

"Kwa hiyo siku hizi woga ndio cheti?"

"Kwa mashine hii, ndiyo."

Ndugu zangu, tangu siku hiyo nilimwonea Zena wivu mbele za Mungu, na nilikwenda nao kanisani na kurudi nao. Nilihesabu mara ambazo kaka alimwita yeye kwanza. Akiusifu mkato wake, mimi nilitafuta kasoro katika mkato huo, na iliniuma zaidi kwamba sikuiona.

Jumamosi ya tarehe 17 Februari 2024 kaka alikwenda kliniki. Zena alinisalimia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikamwambia alete betri. Akasema Fundi hajaruhusu.

Nikamwambia, "Fundi ni kaka yangu. Kwako ni nani?"

Alinipa betri kwa mikono miwili, kama mtu aliyelelewa vizuri. Nilivua kinga. Nilikata mbao za mkongo kwa nusu saa, na nakiri kwamba ilikuwa raha. Kisha kijipande kikakwama pembeni ya diski, nikazima, na dakika hiyo hiyo mashine ya kusaga ya jirani ikanyamaza. Umeme umekatika. Niliinama nikatia vidole ndani. Goti langu likaisukuma swichi.

Zena hakuniita Baba Upendo. Alipiga kelele "Dadi!" na kunivuta kwa ukosi wa shati. Diski ilipita juu ya kidole cha kati, nikashonwa nyuzi nne. Vidole vyangu vyote ninavyo, mnaviona vimeshika karatasi hii.

Kaka aliporudi aliona bandeji, na hakuniuliza mimi. Alimuuliza Zena nani aliyetoa betri. Zena akasema ni yeye, alishindwa kumnyima mkubwa wake. Kaka akamwambia, "Heshima mpe nyumbani kwake. Hapa mnyime."

Nilikusanya vifaa vyangu jioni ile. Kwa mwaka mzima nilifanya kazi peke yangu Newala, na sikukanyaga Mkomaindo. Kaka alituma salamu kwa kila aliyepanda basi la kuja huku. Niliwajibu waliozileta kwamba nimezipokea, basi.

Mwezi Novemba 2024 marehemu alianza kuvimba miguu. Alikuwa na shinikizo la damu la muda mrefu, na madaktari waligundua kwamba figo zimechoka. Tarehe 24 Februari mwaka huu alilazwa hospitali hapo Mkomaindo. Mama Flora alinipigia simu, akaniambia kwamba kama nina neno na kaka yangu, nisilitume kwa basi.

Nilifika Alhamisi. Nilitegemea jambo moja, nalo nalisema mbele yenu: nilitegemea aniambie karakana ni yangu. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nikamsalimia, akanishika mkono akakigeuza kile kidole akitazama kovu. Kisha akasema, "Nenda kwa Zena akufundishe. Nataka nijue umejifunza kabla sijaondoka."

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi na wagonjwa wengine. Niliona kwamba hata kufa atakufa akiwa upande wa Zena. Niliomba. Sikupata utulivu wowote, lakini nilipata aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka karakana Jumatatu ya tarehe 3 Machi.

Zena alikuwa amefunga, maana Ramadhani ilikuwa imeanza, na Jumatano nami nikaanza Kwaresima. Tulifanya kazi na njaa zetu mbili. Alinifundisha kama alivyofundishwa, hatua kwa hatua, bila kunikumbusha siku ile. Mara moja tu alinitania, nilipotaka kuinua kinga nione mstari. Alisema, "Baba Upendo, hiyo si kofia, kwamba unaivua ukiingia ndani." Nilicheka kabla sijajizuia.

Kila jioni kaka aliniuliza swali moja: leo Zena amekusahihisha mara ngapi? Siku ya kwanza nilimwambia mara tisa, naye akasema Zena ameshampigia simu na ni kumi na moja. Siku ya pili sita. Ijumaa mara mbili. Jumatatu ya tarehe 10 Machi nilikata mbao kumi na nne. Umeme ulikatika mara moja, mashine ya kusaga ikanyamaza, na nilipojitazama betri ilikuwa tayari mezani. Jioni nilimwambia kaka, hakuna hata mara moja.

Alifumba macho. Kisha akasema taratibu, "Mimi pia namwonea wivu. Ile mashine mimi nilichukua mwaka kuizoea, yeye wiki tatu. Ndiyo maana nilijua wewe unaumwa nini."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo. Akasema, "Ungeniambia tumfukuze. Na mimi ningekubali."

Hayo ndiyo maongezi yetu ya mwisho. Usiku ule Mama Flora alikaa naye, wakasali rozari pamoja. Marehemu alifariki dunia Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, miezi minane na siku ishirini na tano. Vidole vyake kumi vilikuwa vizima. Kwa fundi wa miaka arobaini na saba, hicho ni kitu cha kumshukuru Mungu.

Jeneza hili tulilitengeneza Jumatano, mimi na Zena. Yeye alikata mbao za pembeni, mimi nikakata kifuniko. Atakayeona tofauti anyamaze nayo.

Marehemu ameacha mjane, Scholastika, watoto watatu, Flora, Yasinta na Kelvin, wajukuu saba, dada mmoja, Isabela, na mdogo mmoja, mimi ninayesoma. Karatasi ya kwanza niliyoandika kwa ajili ya mchapaji iliishia hapo. Mama Flora aliisoma yote hadi mwisho, akanirudishia na kalamu juu yake. Nilikaa nayo hadi chai ikapoa. Kisha nikaongeza kwa mkono wangu, kama mnavyoona kwenye mstari wa chini wa karatasi zenu: na Zena Abdulazizi, mwanafunzi wake, ambaye marehemu amemwachia msumeno wake na betri zake mbili.

Mama Mahmudu, najua uko pale nyuma na kina mama. Njoo ukae mbele, na sisi.

Wivu wangu haujaisha, ndugu zangu, niombeeni. Bwana, mpokee fundi wako Yeremia, mpe pumziko na amani, na mwanga wako umwangazie daima. Amina.