Mashua ya Joka Iliyozikwa Topeni

Kijiwe chetu ni benchi la mawe kando ya ziwa, na hatua kumi mbele yake mashua ya joka ya kijiji, ile ndefu ya mashindano ya makasia, imezikwa topeni. Ndivyo tunavyoitunza: mashindano yakiisha tunaizika ili mbao zisipasuke kwa jua, mwaka ukirudi tunaifukua. Safari hii imelala miaka sita. Liang, tunayemwita Ngoma kwa kuwa ndiye anayewapigia ngoma wapiga makasia wake, amekonda kwa hamu ya kuiona inaelea tena. Tarafa imesema haifukuliwi bila mpango wa usalama majini, mwisho leo saa sita. Basi nikamimina chai, Ngoma akashika kalamu.

— Majaketi ya kuelea, ishirini na mawili, nimeandika. Boti za uokoaji?

— Mbili, akasema Huo, aliyekuwa mpishi jeshini, nasi tukambatiza Kamanda. Mfa maji haachi kutapatapa. Akitapatapia kushoto, ya pili inamngoja kulia.

— Ziende polepole lakini, akasema Bi Meirong, nesi mstaafu. Haraka haraka haina baraka.

— Shemeji, mtu anazama we unaleta baraka? akadakia Kamanda.

— Andika na machela. Nitakaa pale gatini.

— Andika nyavu, akasema Kamanda. Tuzungushe ziwa zima. Akizama, tunamvuta na samaki wake.

— Na bata wako unaowafuga humu ziwani je? akauliza Ngoma.

— Bata ni walinzi. Wakinyamaza, ujue kuna jambo.

Ngoma akaandika hata bata. Bi Meirong akamtazama.

— Mwanao Zhaolin kapiga simu?

— Kapiga. Kasema atarudi mwakani.

— Si ndivyo alivyosema mwaka jana?

— Tuendelee na bata.

Saa tano na nusu akaja Qiu, binti ofisa mpya wa tarafa, na pikipiki yake ya umeme. Akasoma kurasa zote nne akiwa amesimama.

— Wazee wangu, mmejipanga. Waokoaji kumi na mmoja, nesi, boti mbili. Sasa, wa kuokolewa ni akina nani?

— Vipi?

— Wapiga makasia. Sioni majina.

Kamanda akakohoa. Bi Meirong akapangusa kikombe kilichokwisha kupanguswa. Vijana wetu wote wako viwandani Shenzhen, na mdogo kuliko wote pale benchini ni mimi, nina miaka sitini na tatu. Niliwakumbuka kiti kwa kiti, walivyokaa mashuani.

Vidole vya Ngoma vilikuwa vinagonga goti, taratibu, mdundo wa kuanzia.

— Binti, akasema, mpango huu mwakani utafaa?

— Utafaa, mzee.

— Basi nitunzie.

Nikainua birika niwaongezee chai. Lilikuwa tupu.