Uji Wangu na Mrija wa Baba Athieno

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi mliobanana pale mlangoni kama mnaotaka kutoroka, Bwana asifiwe tena! Mnanijua, mimi ni Mama Athieno wa hapa hapa Mwello. Nimesimama kumshukuru Yesu kwa habari ya shamba langu la wimbi, ulezi wetu huu wa uji. Wenye habari hii wamo humu ndani, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi siwezi.

Nilizaliwa Lunyo, mimi ni Msamia. Nikaokoka nikiwa msichana, na siku ile nilimwahidi Bwana kwamba mikono hii haitapika pombe. Nilipoolewa huku, lugha ya huku, Kidhopadhola, ilinipiga chenga, nikawa naongea na majirani kwa Kiswahili chetu cha mpakani. Walinipokea vizuri. Nikaingia katika kikundi cha kufanya kazi kwa zamu: leo tunakwenda shamba la huyu, kesho la yule, na mwenye shamba anaweka chungu cha pombe uani, wazee wanakizunguka na mirija yao mirefu. Mimi nililima kwa kila mtu, nikanywa maji, nikarudi kwangu nikiimba.

Ukaja Uhuru. Ndugu zangu, tulifurahi! Nilicheza ngoma, msinione hivi. Lakini baadaye watu wakaanza kuliacha kanisa kidogo kidogo. Jumapili ikawa siku ya soko, ya mpira, ya redio. Mzee Obbo, kiongozi wa kikundi chetu, alikuwa akinitania: "Kanisa ilikuwa ya mzungu. Mzungu nakwenda, sasa wewe nabaki kuomba nani?" Watu wanacheka. Hata mume wangu alicheka, naye ndiye aliyenivika pete mbele ya madhabahu hii! Humu tukabaki mwalimu wa kanisa, vikongwe wachache na mimi.

Basi zamu yangu ya kuvuniwa ikafika. Wimbi limeiva, mawingu yanajikusanya upande wa mwamba wa Tororo. Nikapika uji, nikautia maziwa, nikaujaza chungu kikubwa. Mzee Obbo akaja na watu wake, akachungulia.

"Mama Athieno, hii ni nini?"

"Ni uji, baba."

"Uji ni ya mtoto. Sisi ni watoto?"

Akageuka, na kikundi chote kikamfuata. Mume wangu, Baba Athieno, alikasirika sana. Akaniambia nimwite jirani anipikie pombe, nikakataa. "Basi kata peke yako, wewe na Yesu wako," akasema, akachukua mrija wake akaenda kwa wenzake.

Ndugu zangu, niliogopa! Wimbi lile ndilo lililokuwa chakula cha watoto wangu mpaka msimu mwingine. Na mtu asiye na kikundi huku ni nani? Nikiugua, nani atanibeba? Nilikata peke yangu wiki nzima na kisu kidogo mpaka vidole vikavimba. Jumamosi ikaisha, na zaidi ya nusu ya shamba bado imesimama. Nikaanza kuwaza, nikipika pombe mara moja tu, Mungu ataniua? Nilifikiria kweli!

Jumapili asubuhi kila mtu alikuwa shambani akiwahi mvua. Mume wangu akasema, "Leo hata Mungu mwenyewe angekata." Nikasimama pembeni ya shamba na kisu mkononi, nikalia. Kisha nikarudi nyumbani, nikakichomeka kisu kwenye nyasi za paa, nikavaa gomesi yangu, gauni la kuja nalo kanisani, nikapita katikati ya mashamba ya watu nikiimba. Sauti ilitetemeka, lakini nilijua nikinyamaza nitarudi.

Mvua ikanyesha tukiwa kwenye ibada. Sitawadanganya, ilinyesha, na sehemu ya wimbi langu ililala chini ikaota huko huko. Mimi nilikuwa nimepiga magoti hapo alipokaa Mama Owino leo. Nikasema, "Bwana, lioze, lisioze, mimi ni wako." Na hapo hapo hofu ikaniacha! Shambani hakuna kilichobadilika, lakini mimi nilikuwa nimefunguliwa. Nilirudi nyumbani na gomesi imelowa, nikiwa na furaha hata watoto wakanishangaa.

Jumatatu jua likawaka, nikasikia sauti za wanawake. Walikuwa wake za wale wazee wa mirija, kila mmoja na kikapu na kisu! Mbele yao Mama Owino, mke wa Mzee Obbo mwenyewe.

"Jana sisi naona wewe napita na gomesi, wimbi yako iko nasimama," akasema. "Mimi nasema, huyu mama ama ni wazimu, ama Mungu yake iko. Sasa uji iko wapi?"

Nililia na mwiko mkononi! Kumbe akina mama wale walikuwa wamechoka. Wimbi lao liliishia chunguni, na waume walirudi nyumbani na ngumi. Walikuwa wanangoja mtu wa kuanza. Jua likiwa utosini tulikuwa tumemaliza, na Mama Owino akaniambia, "Ombea hii uji kwanza."

Baba Athieno akatokea, mrija kwapani, akakaa mbali. Njaa ikamshinda. Akasogea, akatumbukiza mrija katika chungu cha uji, akavuta! Akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, uji umekwama. Akina mama walicheka mpaka wakaketi chini. Nikampa kibuyu, akanywa, akaomba kingine. Mrija ule uliziba, haujazibuka mpaka leo. Jumapili iliyofuata aliniuliza shati lake jeupe nimeliweka wapi.

Baba Athieno, usiiname, simama wakuone! Haleluya!

Ndugu yangu, kama shamba lako limesimama na watu wanakuambia Mungu alipanda meli na wazungu, vaa nguo yako uje tumwabudu. Pita katikati yao ukiimba, hata sauti ikitetemeka. Kuna mtu anakutazama kutoka shambani kwake. Mtumaini Yesu, mimi hakuniacha! Na uji uko nje, chungu kizima. Karibuni nyote, mirija tu msije nayo.